Ka na Ki

Lugha niliyoiunda mwenyewe, katika chumba cha nyuma,
ukuta mmoja na mashine ya Letaru ya kusaga muhogo, hapa Arua,
kwa miaka mitatu ilijua kiungo kimoja tu cha matendo:
KA.
Akafungua daftari, akasoma deni, akajumlisha, akaandika, akafunga.
Mstari nyuma ya mstari, kama siafu.
Hakuna aliyempita mwenzake. Niliipenda kwa hilo.

Kisha Letaru akaja, unga hadi kwenye kope.
"Programu yako," akasema, "ni mtu anayebandika maji motoni
akasimama kuyatazama.
Inauliza simu kama pesa imefika, simu inanyamaza,
nayo inanyamaza,
na foleni yangu imefika kwa fundi wa baiskeli.
Mimi nasaga nikipima, nikimkemea Drani, nikihesabu chenji.
Wewe uliyesoma, linakushindaje?"

Akaondoka. Ile *nikipima* ikabaki chumbani.

Mwalimu Ondoga alitufundisha kidato cha pili,
chaki ikimvunjikia kila neno:
KA ni ya yanayofuatana,
KI ni ya yanayokwenda pamoja.
Nasi arobaini na wawili, Kilugbara kikitutangulia ulimini,
tukiandika, tukisinzia.

Methali zote zilinikataza, bila shaka.
Mshika mawili. Njia mbili na fisi wake.
Wiki sita nikaipasua lugha tumbo
nikashona KI ndani yake:
kila kazi na uzi wake,
na uzi ukingoja, uuachie mwenzake sindano.

Siku ya kwanza foleni iliyeyuka.
Siku ya pili tukauza gunia moja mara mbili.
Uzi mmoja ulisoma "limebaki moja",
na kabla haujaandika "hakuna"
wa pili ukasoma "limebaki moja".
Nyuzi zote mbili zilisema kweli.
Bi Asianzu na mtu mmoja wa Nebbi wakalivuta gunia, huku na huku,
kila mmoja na risiti yake halali.

Nikaweka kufuli: ashikaye daftari alishike peke yake.
Nikaweka la pili, kwenye mzani.
Siku ya tano mashine inanguruma na hakuna kinachouzwa:
uzi huu umeshika daftari, unaomba mzani,
ule umeshika mzani, unaomba daftari,
zimesimama kwa adabu kama wakwe mlangoni,
hakuna kosa, hakuna ujumbe,
saa nne nzima.
Drani akazima swichi, akawasha. Ndiyo dawa anayoijua.
Mimi nikaandika sheria: mzani kwanza, daftari baadaye, daima,
nikajiona nimemaliza.

Usiku, umeme umekatika, betri asilimia kumi na moja,
ndipo nilipoikumbuka nusu ya pili ya somo,
ile niliyoisinzia:
KI hiyohiyo isemayo *huku*
ndiyo isemayo *iwapo*.
Mvua ikinyesha. Pesa ikifika.
Huwezi kuyaomba mambo yaende pamoja
ukabaki unajua lipi litatangulia.
Nilidhani naongeza kasi. Niliongeza labda.

Letaru hana habari. Anasaga, anacheka,
amenitumia unga kilo tano, shukrani.
Lakini mara moja katika magunia elfu
daftari linaonyesha shilingi mia tano zisizo na mwenyewe.
Nimeitega namba hiyo kama panya.
Haitokei nikiitazama.

Nimeacha mstari wa mwisho wazi kwenye skrini.
Kesho nikifika, mashine ikiwaka, simu ikiitika,
Drani akiwa hajagusa swichi,